Komoro Haikununua Tiketi Marseille

Mhariri,

Nimeisoma barua ya msomaji wako wa Nairobi kuhusu Komoro kufuzu kwa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2025, lile la Moroko. Nikamsomea na kijana anayenisaidia kupanga mabenchi, naye akacheka mpaka akakaa chini. Hoja ya bwana yule ni kwamba Komoro wamejinunulia tiketi mjini Marseille, Ufaransa, kwamba wale ni Wafaransa waliovalishwa jezi ya kijani, na kwamba afadhali sisi Kenya tuliotolewa tukichezesha vijana wetu wenyewe, maana mcheza kwao hutunzwa. Ameandika kwa Kiswahili safi, hilo simnyimi. Lakini anayeandika hivyo hakai nasi huku Pwani, na nadhani hata mechi zenyewe hakuzifuata.

Mimi nina banda la kuonyesha mpira hapa Maweni, Malindi. Aliliacha marehemu mume wangu likiwa na dikoda moja na madeni mengi. Leo lina dikoda mbili na madeni ya kawaida. Wageni wakiingia huniuliza mwenyewe yuko wapi, nami huwaonyesha sanduku la kiingilio, ambako nimekaa mimi. Mpira sikuujulia uwanjani. Nimeujua kwa kukaa mlangoni nikisikiliza wanaume wakibishana, na ubishi wa banda, Bwana Mhariri, una mambo ambayo wachambuzi wa redio hawayagusi.

Kwa asiyefuatilia, Komoro walipangwa na Tunisia, Gambia na Madagaska. Tunisia hawajakosa fainali hizi tangu 1994, kombe walilitwaa 2004, na kule Qatar kwenye Kombe la Dunia la 2022 waliifunga Ufaransa 1-0. Komoro ni nchi yenye watu wasiofika milioni moja, na FIFA imeingia mwaka 2005 tu; nina wateja wenye jezi zilizozeeka kuliko uanachama huo. Tarehe 11 Oktoba 2024 wakaenda Tunisia wakawafunga wenyeji 1-0. Waliporudiana wakatoka sare. Novemba wakaifunga Gambia 2-1, halafu Madagaska 1-0, wakamaliza kileleni kwa pointi 12 bila kupoteza hata mechi moja. Tunisia wakawa nyuma yao na pointi 10.

Hiyo tarehe 11 Oktoba ilikuwa Ijumaa, na ndiyo siku Kameruni walipotutandika 4-1 kule Yaoundé. Mechi niliyoonyesha ilikuwa yetu. Wiki za timu za taifa ni wiki za njaa kwangu, kwa sababu Ligi Kuu ya Uingereza ikisimama na sanduku langu husimama, lakini timu yetu ya taifa, Harambee Stars, sijawahi kuwanyima skrini. Kufika bao la tatu watu wakaanza kutoka mmoja mmoja, kila mmoja akijifanya anakwenda kununua viazi karai. Aliyerudi hakuna.

Aliyebaki mpaka mwisho ni mzee mmoja Mngazija, yaani asili yake Ngazija, kisiwa kikubwa cha Komoro, fundi cherehani, na yeye hata skrini hakuwa anaitazama. Alikuwa na simu yake, kioo kina ufa kutoka pembe hadi pembe, mgongo umefungwa kwa mpira wa kufungia noti usije ukadondoka. Kila baada ya kitambo aliisogeza kwenye balbu ya mlangoni, akashusha miwani puani, akasoma, akairudisha mfuko wa kanzu bila kusema neno. Nimeshamaliza kufagia, naye bado yupo. Nikamuuliza, "Mzee wangu, kuna habari gani humo?" Akasema, "Mwanangu, chukua chaki."

Nje ya banda nina ubao mweusi wa kuandikia ratiba na matokeo. Nikaandika kama alivyonitajia: TUNISIA 0 KOMORO 1. Mzee akausogelea, akaupuliza vumbi la chaki, akaaga.

Asubuhi nikakuta zile tarakimu zimefutwa kwa kidole na kugeuzwa. Nikaziandika upya. Adhuhuri zimegeuzwa tena. Nilipopiga kelele, mwendesha bodaboda mmoja wa hapo stendi akaja mwenyewe akasema ndiye aliyefanya, tena kwa wema, alidhani nimekosea na hakutaka watu wanicheke. "Mama, mwenye moja ni Tunisia." Nikamwambia atoe simu yake ajionee. Akatazama, akamwita mwenzake, mwenzake akamwita mwingine, na pale kibarazani pangu ukaanza mjadala ambao mpaka leo haujakwisha. Umepoa kidogo tu Komoro walipofuzu, ukaja ukapamba moto tena gazeti lako lilipofika na barua ya yule bwana.

Wa kwanza kusema maneno kama yake alikuwa shabiki wa Arsenal, ambaye sijawahi kumsikia akihesabu timu yake ina Waingereza wangapi. Akasema hao wamezaliwa Ulaya, wamelelewa Ulaya, wamefunzwa mpira kwenye nyasi za Ulaya, nasi tungeazima Wafaransa kumi na mmoja tungeifunga Tunisia vilevile. Kijana mwingine akamjibu kwa hesabu ya banda: Tunisia imeifunga Ufaransa, Komoro imeifunga Tunisia, basi Komoro ni kubwa kuliko Ufaransa, na wanaopaswa kuazima wachezaji ni hao Wafaransa. Hesabu yenyewe haisimami, lakini watu walicheka, na mkishachekwa barazani hoja yenu imekwisha hata kama ni ya kweli.

Mimi nikauliza swali langu moja. Divock Origi ni mtoto wa nani? Mwaka 2019 alipofunga kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa akiwa na Liverpool, banda hili liliruka, mpaka mashabiki wa Manchester United waliruka, na soda ziliniishia. Mtoto wetu! Mtoto wetu kwa nini? Kwa kuwa baba yake, Mike Okoth Origi, aliichezea Harambee Stars. Divock mwenyewe kazaliwa Ostend, na timu yake ya taifa ni Ubelgiji. Kwa hiyo wa kwetu akiwachezea wenzetu ni mtoto wetu, na wa Komoro akiichezea Komoro ni Mfaransa. Shabiki wa Arsenal akasema hiyo ni kesi nyingine. Namngojea bado anieleze unyingine wake.

Na hapa ndipo namshangaa msomaji wako. Huku kwetu, ukianza kuwaondoa watu katika jamaa zao kwa sababu ya walikozaliwa, utabaki na mji mtupu. Bibi yangu mzaa mama alizaliwa Barawa, Somalia. Babu ni wa Siyu. Nina mjomba aliyefia Unguja akaacha watoto ambao huja Idi wakachanganya majina yetu, Fatma wakamwita Khadija na Khadija wakamwita shangazi. Hakuna aliyewauliza wao ni wa wapi. Huulizwa kama wamekula. Mzee Mngazija naye babu yake alishuka Lamu na jahazi kabla ya kuja kuoa Malindi, na ananiambia kwao Ngazija harusi kubwa, ile ambayo mwanamume asipoifanya hapewi nafasi mbele za watu, huchangwa kwa pesa za walio Ufaransa, na wenyewe hurudi Agosti kuihudhuria. "Sasa mtu ambaye noti yake inapokelewa arusini," akasema, "mguu wake utakataliwaje uwanjani?" Bodaboda waliokuwa wakibishana wakanyamaza. Mmoja akaomba ayaseme tena ayarekodi.

Wapo waliosema basi tuuache uzawa, tuseme ni bahati. Hao ndio walionichosha zaidi, maana ni wateja wangu wa miaka na wanasahau walichokitazama wenyewe.

Mwaka 2020, wakati wa Korona, Kenya tulikuwa kundi moja na Komoro, Misri na Togo. Watu walituhesabia pointi sita za kuwafunga Komoro kabla mpira haujapigwa. Kasarani, Nairobi, tukatoka nao sare 1-1. Moroni, mji mkuu wao, wakatufunga 2-1. Machi 2021 wakapata sare na Togo, wakafuzu fainali zao za kwanza, na sisi tukabaki nyumbani. Tulisema bahati.

Fainali zenyewe zikachezwa Kameruni Januari 2022. Komoro wakafungwa na Gabon, wakafungwa na Moroko, na mechi ya mwisho ya kundi wakakutana na Ghana, mabingwa mara 4 wa Afrika. El Fardou Ben Nabouhane akafunga dakika ya nne. Ahmed Mogni akaongeza la pili. Ghana wakarudisha yote mawili, na hapo banda langu lilishaanza kusema kisiwa kimerudi baharini. Dakika ya 85 Mogni akafunga la tatu. Ghana wakaondoka mashindanoni, Komoro wakaingia hatua ya 16. Tulisema bahati.

Halafu ikaja mechi ya wenyeji Kameruni, na hii naomba nafasi niieleze, maana bwana yule anayesema wachezaji wa kukodi ningependa anijibu juu ya mtu mmoja tu. Makipa wa Komoro walikuwa watatu. Mmoja aliumia siku ya Ghana, wengine wakakutwa na Korona. Kipa hakuna. Akasimamishwa golini Chaker Alhadhur, beki wa kushoto, kazaliwa Nantes, Ufaransa hukohuko. Akavalishwa jezi ya kipa, na namba 3 yake ikabandikwa kwa utepe, ule tunaofungia waya wa stima. Mechi haijafika dakika kumi nahodha wao, Nadjim Abdou, akala kadi nyekundu. Sasa wako kumi, golini kuna beki, ugenini, mbele ya umma wa Yaoundé. Banda lilijaa watu waliokuja kuhesabu mabao. Nakumbuka wawili waliwekeana dau la chapati kama yatafika nane.

Yakaingia mawili tu. Yule beki aliokoa mipira ambayo makipa wa ligi yetu wangeisindikiza kwa macho. Alikuwa akiipiga ngumi, akiiangukia, mara nyingine ikimgonga tu kifuani na kurudi, na kila ikimgonga banda lilipiga kelele kana kwamba ni bao. Dakika zikielekea mwisho Youssouf M'Changama, mzaliwa wa Marseille, akapiga frikiki kutoka mbali mpaka mtoto wa jirani aliyekuwa amelala kwenye benchi akaamka kwa kishindo. Ikawa 2-1. Komoro wakatolewa, na watu wangu, ambao robo tatu yao walikuwa wameingia wakiishangilia Kameruni, wakatoka wakimwimba Alhadhur. Chapati hazikulipwa, kila mmoja alidai ameshinda.

Basi naomba kuuliza. Mtu wa kukodi hukaa golini kwenye nafasi isiyo yake, akijua kamera za Afrika nzima zinamngoja aaibike? Wa kukodi husema mkataba wangu ni wa ubeki.

Novemba 2023 Ghana wakaenda Moroni kwenye mchujo wa Kombe la Dunia wakafungwa tena, 1-0. Sasa imekuja Tunisia. Bahati gani hii inayojua njia ya kurudi kila mwaka? Kocha Amir Abdou, naye mtoto wa Kikomoro wa Marseille, alianza nao 2014 na akakaa mpaka 2022, akiwapigia vijana simu mmoja baada ya mwingine kwenye ligi ndogondogo za Ufaransa ambazo hakuna dikoda inayozionyesha. Wengi wao hawakuwa nyota wa kugombaniwa na Ufaransa. Walikuwa wachezaji wa kawaida walioitwa, wakaitwa tena, wakazoeana. Kenya katika muda huohuo tumebadilisha makocha mpaka wateja wangu huniuliza jina la aliyepo kabla ya mechi kuanza.

Katika huo mjadala akaingia na Mwitaliano wetu. Malindi haikosi Mwitaliano katika shughuli yoyote. Huyu ni mzee aliyekuja zamani, wakati kituo cha San Marco pale Ngomeni kikirusha setilaiti, akaoa, akazeekea hapa, na Kiswahili chake kina kila kitu isipokuwa ngeli. Alipata habari kwamba kocha aliyewafikisha Komoro huko, Stefano Cusin, ni Mwitaliano. Akaja na kahawa yake mkononi, akaukalia ushindi kama ni wake. "Kocha yetu hiyo!" Vijana wakamgeukia kwa pamoja: na Palermo je, babu? Machi 2022, Italia mabingwa wa Ulaya, nyumbani kwao, wakafungwa 1-0 na Masedonia Kaskazini dakika za majeruhi wakakosa Kombe la Dunia, kama walivyolikosa la 2018. Mzee akaweka kikombe chini. Akasema, na mimi namtengenezea sarufi kidogo tu, kwamba kwao pia watu walisema bahati. Walisema 2017, wakasema 2022. "Mara mbili tumesema bahati, mara mbili tumebaki nyumbani." Akachukua kikombe chake akaondoka, na sijui kwa nini watu wanamwita mzee wa masihara.

Mzee Mngazija hakutaka Mwitaliano auchukue ushindi wote. Timu yao ina jina la samaki, silakanti, wao wenyewe humwita gombesa. Wataalamu wa dunia walikuwa wamemfanyia matanga, wakisema ametoweka mamilioni ya miaka, hadi 1938 alipovuliwa Afrika Kusini, na 1952 akapatikana Komoro, ambako wavuvi walikuwa wakimjua siku zote na wala hawamli kwa raha kwa mafuta yake. Mwaka 2001 mmoja akanaswa na meli ya uvuvi huku kwetu, nje ya Malindi. Mzee akasema, "Samaki wetu alikuja kwenu hamkumuuliza cheti cha kuzaliwa, mkampiga picha na kujisifu. Watoto wetu ndio wa kuulizwa?"

Lakini lililonifanya nishike kalamu si Komoro, Mhariri. Komoro wameshafuzu, hawanihitaji. Ni huyo Mwitaliano na wenzake.

Malindi imeishi na Waitaliano kwa zaidi ya miaka hamsini. Wameoa hapa, wamezaa hapa, na mabinti zetu wengi wamekwenda kule na kuzaa kule. Nenda nyumba yoyote Shela, Barani au Kisumu Ndogo uulize kama wana mjukuu Italia, utaletewa simu uonyeshwe picha kabla hujakaa. Jirani yangu mmoja, bibi wa makamo, ana mjukuu karibu na Bergamo, miaka kumi na saba, winga wa kushoto katika timu ya vijana ya klabu ndogo. Video zake bibi huyo anazo nyingi kuliko duka la simu. Nimeziona zote, mara nyingine nikiwa nakaanga. Kuna moja anampiga chenga beki, anamngoja ainuke, anampiga tena. Sikuipenda, ni dharau, lakini mguu upo. Mtoto anapiga simu kila Jumapili, Kiswahili chake ni cha kusalimia na kuomba pesa kama watoto wote, na swali lake kwa bibi ni moja. Kenya wanachaguaje?

Sheria haimzuii. Katiba ya 2010 inasema mtoto ambaye mmoja wa wazazi wake ni Mkenya ni Mkenya kwa kuzaliwa, hata akizaliwa mwezini, na inaruhusu uraia wa nchi mbili. FIFA nao wanamkubali mwenye uraia wa nchi ikiwa yeye, au mzazi wake, au babu au bibi yake alizaliwa huko. Huyu ana mama aliyezaliwa hospitali ya Malindi na bibi aliyezaliwa nyuma ya msikiti. Nilimsindikiza jirani yangu kwa mtu mmoja anayehusika na mambo ya mpira, tukiwa na simu, chaji imejaa, na picha ya pasi ya kusafiria. Bwana yule aliitazama video nusu, akatwambia: "Mleteni tumwone." Kutoka Bergamo! Kwa nauli ya nani? Bibi wa watu anauza mabuyu. Tulipouliza kama ataandika jina la mtoto mahali, akasema hakuna haja, atakumbuka. Hakuuliza jina.

Komoro, nchi isiyo na utajiri wowote wa kututisha, wana mtu anayepiga simu. Hiyo ndiyo tofauti ninayoiona mimi kutoka kwenye sanduku langu la kiingilio. Sisi tuna anayesubiri kuletewa.

Najua nitajibiwa na vijana wa hapa kabla ya huyo bwana wa Nairobi, maana wamekwisha kunijibu. Yupo mmoja, namba sita, hucheza kiwanja cha Alaskan jioni akitoka kazi ya mjengo, na njumu zake amezishona kwa uzi wa nyavu. Siku niliposema habari za Bergamo alinitazama kwa muda. "Mama, sisi hujatutafutia hata safari ya Nairobi, leo unamtafuta wa Italia?" Sikuwa na jibu zuri na sina mpaka sasa. Ni kweli kwamba kijana wa Pwani anaweza kucheza mpaka mguu uishe bila kuonwa na mtu mwenye daftari. Ni kweli pia kwamba nafasi kwenye timu ni kumi na moja, na anayeletwa na ndege humtoa mtu. Nilimwambia tu kwamba kwa namna mambo yalivyo, hakuna anayemtafuta yeye wala anayemtafuta wa Bergamo, kwa hiyo wasigombane wao kwa wao kabla mlango haujafunguliwa. Akasema hayo ni maneno ya mwenye banda. Haya, ni kweli, ni maneno ya mwenye banda.

Ila yule msomaji wako asitwambie kwamba tumetolewa kwa heshima kwa sababu tumecheza na wa kwetu. Mechi zetu za nyumbani tulizichezea nje ya nchi, Kampala ikiwemo, kwa kuwa viwanja vyetu vilikuwa vimefungwa. Hapo Kampala ndipo Kameruni walipotufunga tena, siku tatu baada ya zile nne, na Novemba sare ya 1-1 na Zimbabwe ikatufungia mlango kabisa. Tulifuzu 2004, tukafuzu 2019, basi, tangu mtoto wangu wa kwanza akiwa mgongoni. Sijui heshima iko wapi hapo. Kijana wa Alaskan haioni, na mimi sanduku langu haliioni.

Mwaka 2027 Kenya, Uganda na Tanzania tutakuwa wenyeji, kwa hiyo tutaingia bila kumfunga mtu. Nafurahi, nitauza. Lakini wageni wataletwa hapa na timu zao zilizopangwa kwa miaka, na Komoro, Mungu akipenda, wakiwemo. Sitaki siku hiyo watu wakae kwenye mabenchi yangu wakisema tena bahati. Ninachoomba ni kidogo. Shirikisho la mpira liwe na daftari. Jina, tarehe ya kuzaliwa, klabu, namba ya simu ya mzazi. La wa Alaskan na la wa Bergamo, kurasa mbili za daftari moja, na mtu anayelipwa mshahara kulifungua kila mwezi na kupiga simu. Kaunti inaweza kuanza kwa kuuliza nyumba kwa nyumba. Machifu wetu wanajua nani ana mjukuu wapi, wanajua hata tusiyotaka wayajue.

Jirani yangu hataki namba yake ichapishwe gazetini kwa sababu ya matapeli, lakini ameniruhusu nimpe mtu yeyote atakayekuja na kitambulisho cha kazi. Video tumezihamishia kwenye simu yangu pia, ile moja ya dharau tumeifuta. Banda liko Maweni, ukiuliza bodaboda yeyote atakuleta, na siku hizi hawagusi tena ubao wangu. Mhusika aje Jumatatu hadi Alhamisi, mchana. Jumamosi na Jumapili kuna mechi, sitakuwa na nafasi ya kuzungumza naye.

Mwenye banda la mpira,
Maweni, Malindi